Hesabu Moja ya Mvua

Mtu hupima kile akithaminicho. Mwenye duka hupima bidhaa, seremala hupima mbao, na mpishi hupima unga kabla ya kuutia chunguni. Lakini mvua, ambayo bila yake hapana unga wala mbao wala bidhaa, wengi wetu tuliiacha bila ya kipimo. Ilipotosha tulishukuru, ilipopungua tulinung'unika, na msimu ulipopita tulisahau. Siku hizi kusahau kumekuwa kugumu, na jua la Voi halimpi mtu nafasi hiyo. Katika insha hii nataka kusema neno juu ya namna taifa linavyopima madhara ya mabadiliko ya tabianchi, na juu ya jambo moja ambalo kipimo hicho huelekea kulipita bila ya kuliona.

Kwanza yafaa kutenga maneno mawili ambayo huchanganywa mara nyingi. Hali ya hewa ni habari ya leo na kesho: mvua ya asubuhi, upepo wa jioni. Tabianchi ni mwenendo wa mahali kwa miaka mingi, na wataalamu aghalabu huutazama kwa miaka 30 kabla ya kutoa hukumu. Mtu mpole aweza kukasirika siku moja akabaki mpole. Lakini akikasirika kila siku, hapana budi kusema kuwa tabia yake imegeuka. Wastani wa joto katika Kenya umepanda kwa takriban digrii 1 ya Selsiasi tangu mwaka 1960. Digrii moja yaweza kudharauliwa na asiyejua hesabu yake. Lakini mwili wa binadamu ukizidi digrii moja juu ya kadiri yake huitwa homa, na hapana mzazi anayeidharau homa ya mtoto wake.

Kaunti ya Taita Taveta ni mahali pazuri pa kujifunzia mambo haya, kwa sababu imekusanya nchi nyingi ndani ya nchi moja. Mji wa Voi uko katika tambarare kavu, penye njia kuu na reli za kutoka Mombasa kwenda Nairobi, katika kimo cha karibu mita 580 juu ya bahari. Kwa mwaka hupata mvua ya karibu milimita 550. Panda gari mpaka Wundanyi, na kabla ya nusu ya siku kwisha umeacha mkonge na migunga, umeingia katika ukungu, ndizi na mashamba ya mboga. Kilele cha Vuria kina mita 2,208, na huko juu mvua huweza kuzidi maradufu ya ile ya Voi. Mto Voi huanza katika milima hiyo, hushuka, hupita mjini na kuingia Tsavo Mashariki, ambako bwawa la Aruba lilijengwa mwaka 1952. Kwa miezi mingi mto huo ni mchanga mtupu. Kwa hiyo mtu akisema kuwa kaunti hii ilipata mvua ya wastani, nampa heshima yake, kisha namwuliza: wastani wa nani? Wastani wa mlima na tambarare ni mvua ambayo haikunyesha mahali popote.

Tuna misimu miwili ya mvua: ile ndefu, kati ya Machi na Mei, na ile ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Katika tambarare za Voi mkulima hutumaini vuli zaidi. Vuli nayo hutawaliwa na Bahari ya Hindi. Maji ya bahari upande wetu wa magharibi yakipata joto kuliko ya upande wa mashariki, mawingu hutujia kwa wingi, kama yalivyotujia mwaka 2019; hali ikigeuka, mawingu hutuacha. Tangu Oktoba 2020 mpaka mwisho wa 2022 misimu mitano ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika, na mashariki ya Kenya ilikuwa ndani ya msiba huo. Watu zaidi ya milioni 4 katika Kenya walihitaji msaada wa chakula, na mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Mwaka 2023 wataalamu wa kundi la World Weather Attribution walieleza kuwa ukame wa kadiri ile ulifanywa uwezekane zaidi kwa angalau mara 100 na joto lililoletwa na binadamu. Sababu waliyoitilia mkazo ni hii: mvua ilipungua, ndiyo, lakini joto nalo lilinyonya kutoka ardhini na kwenye majani hata maji yale machache yaliyoanguka.

Wapo wasemao kuwa ukame si jambo geni, na kwamba dunia imebadilika tangu zamani. Maneno hayo yana kweli ndani yake, na shahidi wake yuko hapa hapa kwetu. Ziwa Chala, karibu na Taveta, limekaa katika shimo la volkano mpakani mwa Kenya na Tanzania. Mwaka 2016 wataalamu walitoboa chini ya maji yake wakatoa tope lililolala tabaka juu ya tabaka kwa takriban miaka 250,000. Tope hilo ni kama daftari lililoandikwa na mvua yenyewe. Waliolisoma wamegundua kuwa katika miaka elfu kumi na zaidi iliyopita, nyakati za joto kubwa zaidi katika sehemu hii zilikuwa nyakati za ukavu zaidi. Basi ushahidi wa zamani hautufariji, unatuonya. Tena mabadiliko ya zamani yalikuja polepole, wakati watu walipokuwa wachache na nchi ilikuwa wazi kwa kuhama. Leo mkulima wa Mwatate au wa Sagalla atahamia wapi?

Hifadhi za taifa za Tsavo, ambazo zilianzishwa mwaka 1948, huchukua karibu asilimia 62 ya eneo la kaunti. Katika ukame wa miaka ya 1970 na 1971 maelfu ya ndovu walikufa humo kwa njaa. Mwaka 2022 msiba ulirudi. Serikali ilitangaza kuwa kati ya Februari na Oktoba ya mwaka huo ndovu 205 walikufa katika hifadhi mbalimbali za Kenya, pamoja na nyumbu 512 na punda milia 381. Ndovu aliyebaki hai hakukaa akingoja kifo. Aliacha msitu uliokauka, akafuata harufu ya maji na mahindi mpaka penye nyumba za watu.

Siku moja huko Sagalla nilizungumza na mama mmoja mzee ambaye shamba lake liko chini ya kilima. Nilimwuliza habari za miaka ile. Alinitazama kidogo, kisha akasema:

"Mwanangu, walikuja watu wenye madaftari. Wa kilimo aliniuliza magunia. Wa wanyama aliniuliza idadi ya ndovu. Wa maji aliniuliza mitungi. Niliwajibu wote kwa adabu. Lakini mimi ni mtu mmoja. Mvua ilikataa, mahindi yakakauka. Yaliyosalia yaliliwa na ndovu, maana naye hakuwa na majani. Niliuza mbuzi nipate karo. Mjukuu wangu alichelewa shuleni kwa sababu ya kuchota maji mbali. Kwangu mimi hili ni jambo moja. Kwao yalikuwa manne, na kila mmoja aliondoka na lake."

"Ni kweli, mama," nilimjibu. Wala sikuwa na la kuongeza.

Maneno ya mama huyo yamekaa nami, kwa sababu yanaeleza kwa ufupi jambo ambalo vitabu vikubwa hulieleza kwa kurasa nyingi. Taifa letu halikulala. Kenya ilitoa mkakati wake wa kwanza wa kukabili mabadiliko ya tabianchi mwaka 2010. Mpango wa utekelezaji ulifuata mwaka 2013, na umekuwa ukiandikwa upya kila baada ya miaka kadha. Upo mpango wa taifa wa kujirekebisha kwa miaka ya 2015 mpaka 2030, na mwaka 2016 ilipitishwa sheria inayozitaka hata kaunti kuyaingiza mambo haya katika mipango yao ya maendeleo. Katika maandishi hayo madhara hugawanywa kwa sekta: kilimo, maji, misitu, wanyama na utalii, afya, nishati, barabara na reli. Mgawanyo huu una faida. Mhandisi wa daraja hawezi kuwa daktari wa malaria, na anayefahamu mbegu si lazima afahamu mabomba. Kazi kubwa hugawanywa ili ifanyike.

Lakini kugawanya kazi ni jambo moja, na kugawanya hesabu ni jambo jingine. Madhara ya tabianchi hayafuati milango ya ofisi. Chukua mfano wa mkaa. Familia imepoteza mavuno, nayo inakata miti ya tambarare na kuchoma mkaa ili ipate unga. Katika daftari la kilimo, familia hiyo imejiokoa. Katika daftari la misitu, hasara imeandikwa. Katika daftari la maji, hasara itaonekana baadaye, wakati mvua ijayo itakapokuta ardhi iko uchi, ikakimbia na udongo na kujaza bwawa kwa tope. Katika daftari la wanyama, malisho yamepungua, na ndovu atarudi shambani kwa familia ileile iliyochoma mkaa. Ukisoma daftari moja utasifu. Ukisoma yote manne utalia.

Milima ya Taita yaonyesha jambo hilo kwa upande mwingine. Hii ndiyo sehemu ya kaskazini kabisa ya safu ya kale ya milima iitwayo Tao la Mashariki, ambayo kubwa yake iko Tanzania. Inakisiwa kuwa karibu asilimia 98 ya msitu wake wa asili imetoweka, na yaliyobaki ni mapande kama Ngangao, Mbololo na Chawia. Ndani yake wamo ndege ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Uadilifu wataka tuseme kuwa msitu huo haukumalizwa na tabianchi. Ulimalizwa na shoka na jembe. Lakini palipokuwa na mti wa asili, ukungu ulinaswa na majani ukadondoka ukawa maji; palipopandwa mikaratusi, maji yalinyonywa. Kwa hiyo joto lilipozidi lilikuta nyumba ambayo tayari ilikuwa imetobolewa paa. Apimaye madhara bila ya kupima udhaifu uliotangulia atailaumu mvua kwa dhambi za shoka.

Maji nayo hayatambui mipaka ya kaunti wala ya taifa. Chemchemi za Mzima katika Tsavo Magharibi hupata maji yake kutoka vilima vya Chyulu, ambako mvua huzama katika mawe ya volkano na kutokea mbali ikiwa safi kabisa. Tangu miaka ya 1950 bomba limechukua sehemu ya maji hayo mpaka Mombasa, safari ya zaidi ya kilometa 200, na Voi hupata fungu lake. Hata hivyo wapo wakaao karibu na njia ya bomba ambao hununua maji kwa mtungi. Upande wa Taveta, mto Lumi hushuka kutoka Kilimanjaro na kuingia Ziwa Jipe, ambalo ni mali ya Kenya na Tanzania kwa pamoja na ambalo limedhoofishwa na tope na magugu. Barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa karibu asilimia 85 kati ya 1912 na 2007. Picha ya mlima uliovuliwa kilemba chake hutia huzuni. Lakini chemchemi za miteremko yake hutegemea zaidi mvua na ukungu wa msitu kuliko barafu. Basi mkulima wa ndizi wa Taveta ana haki ya kuuliza habari za msitu ulio katika nchi nyingine, na jirani yake wa Tanzania ana haki ya kuuliza habari za ziwa.

Pengine msomaji kijana atauliza: ikiwa kila kitu kimefungamana hivi, je, hapana la kufanya? Hasha. Mfungamano ukiweza kueneza madhara, waweza pia kueneza manufaa. Huko Sagalla wakulima na watafiti wamezungusha mashamba kwa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Naye ndovu, pamoja na ukubwa wake, huogopa nyuki. Utafiti wa miaka 9 uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kuwa takriban robo tatu ya ndovu waliozikaribia nyua hizo walirudi nyuma. Tazama basi: mahindi yamepona, ndovu hakupigwa mkuki, maua yamepata wachavushaji, na mwenye shamba ana asali ya kuuza. Tendo moja limeandika faida katika madaftari manne. Lakini habari hiyo ina upande wa pili. Ukame wa mwaka 2017 ulipokausha maua, nyuki walihama mizinga mingi, na asali ilipungua kwa miaka kadha. Hata dawa njema huhitaji maji ya kuimezea.

Wazee wa Taita waliijua siri ya hesabu moja kabla ya mipango yote niliyoitaja. Ilikuwa desturi ya familia nyingi kuwa na mashamba zaidi ya moja katika vimo mbalimbali: moja juu kwenye ukungu, jingine chini kwenye joto. Msimu ukikosa huku, huenda ukakubali kule. Walichimba mifereji ya kugawia maji kwa zamu, na walitenga misitu mitakatifu, iitwayo figi, ambayo haikukatwa ovyo. Mambo haya hayakuwaondolea njaa yote. Njaa kuu ya miaka ya 1880, ambayo Wataita waliiita Mwakisenge, iliua watu wengi na kuwatawanya wengine. Siwatukuzi wazee kwa kusema kuwa hawakushindwa. Nawaheshimu kwa sababu waliupanga ulinzi wao kwa kuitazama nchi nzima, kutoka kilele mpaka bonde, si shamba peke yake wala mfereji peke yake.

Liko pia jambo la haki. Kenya hutoa sehemu ndogo sana ya hewa chafu ipashayo dunia joto. Mkulima wa Kasigau ambaye hana gari wala taa ya umeme analipa deni ambalo hakulikopa. Viongozi wa Afrika walipokutana Nairobi mnamo Septemba 2023 walidai kuwa mataifa tajiri yatimize ahadi zao za fedha, na dai hilo ni halali. Lakini dai la haki kwa wengine halitupunguzii wajibu wetu wenyewe. Fedha ikija ikagawanywa kwa madaftari yasiyosemezana, itachimba kisima mahali pasipo malisho, itajenga uzio unaomsukuma ndovu kwenye shamba la jirani, na itapanda miti inayokausha chemchemi. Kila kazi itapata sifa yake katika ripoti, na mama wa Sagalla atabaki pale alipokuwa.

Kwa hiyo nadhani kila mpango, uwe wa taifa au wa kijiji, wapaswa kuulizwa maswali matatu. La kwanza: umepima mahali watu wanapoishi, au umepima wastani? La pili: faida yake katika daftari hili ni deni katika daftari lipi? La tatu: msimu mbaya ukifuatwa na mwingine, na mwingine tena, je, kinga hiyo itasimama? Mpango ushindwao kujibu la pili si mpango wa kuokoa. Ni mpango wa kuhamisha hasara kutoka kwa mtu anayehesabiwa kwenda kwa mtu asiyehesabiwa.

Maswali haya si ya mawaziri na wataalamu peke yao. Mwanafunzi mwenye chombo cha kupimia mvua na daftari la senti chache aweza kuandika mvua ya kijiji chake kila siku. Aweza kuandika pia tarehe ya kupanda na ya kuvuna, siku ambayo mto ulikauka, na usiku ambao ndovu walipita, yote katika ukurasa mmoja. Akifanya hivyo kwa miaka, atakuwa na kitu ambacho ofisi nyingi hazina: hesabu ya mahali pamoja iliyoandikwa na mtu anayepaishi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Lakini ufa hauzibwi mpaka uonwe mwanzo na mwisho wake.

Ukame mwingine utakuja Voi, na mafuriko yatakuja vilevile. Wataalamu wengi hata wanatazamia kuwa mvua za vuli zitazidi kuwa kubwa katika miaka ijayo. Hatuna amri juu ya mawingu. Amri tuliyo nayo ni juu ya madaftari yetu, na juu ya nani anaandikwa ndani yake. Siku ambapo wa kilimo, wa maji, wa misitu na wa wanyama watakaa na mkulima chini ya mti mmoja na kuandika ukurasa mmoja, ndipo taifa litakapoweza kusema kuwa limeanza kujirekebisha.